Ufundi wa Kuandika Sababu

Ukitaka kupima umahiri wa mwandishi wa programu, usikimbilie kuifungua programu yake. Anza na historia ya kazi hiyo. Ingia kwenye hifadhi yake ya Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, andika `git log`, kisha usome: nini kilibadilishwa, lini, na nani, na kama mwenyewe ni fundi kweli, kwa nini. Hiyo sababu hunivutia kuliko msimbo wenyewe, kwa kuwa ndani yake utakuta hata njia alizozifikiria akaziacha.

Git ilizaliwa kwa dharura. Waandishi wa Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kampuni waliyoruhusiwa kuitumia bure ingawa haikuwa huria. Mwaka 2005 ruhusa hiyo ikaondolewa. Mwanzoni mwa Aprili Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, akaanza kuandika chombo chake mwenyewe, na Juni toleo la 2.6.12 la kiini cha Linux likatoka likiwa limesimamiwa kwa Git. Julai akamkabidhi usimamizi Junio Hamano, ambaye ameilea kazi hiyo miaka yote hii. Jina la Torvalds limevuma. La Hamano halitajwi inavyostahili, na naamini bila subira yake chombo hiki kisingefika kilipo. Leseni ya Git ni GPL: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuibadilisha.

Katika mifumo ya awali kama CVS na Subversion, historia nzima ilikaa kwenye seva moja. Kwa Git, kila anayenakili hifadhi huondoka na historia yote, tangu siku ya kwanza. Hata intaneti ikikatika mchana kutwa, kazi inaendelea, na mambo ya zamani yanasomeka palepale.

Kuanza hakuna ugumu. Unaijulisha Git jina lako na barua pepe, unaingia kwenye folda ya kazi, unaandika `git init`. Ukishabadilisha mafaili, `git add` huteua yatakayowekwa, na `git commit` huyaweka pamoja na maelezo yako. Hatua hiyo iliyowekwa mafundi huiita komiti. Wanafunzi wengi huiona `git add` kuwa usumbufu: kwa nini nisihifadhi vyote kwa mkupuo? Mimi naona ufundi unaanzia hapo hasa. Amri hiyo inakulazimisha uamue ni mabadiliko yapi yanakwenda pamoja. Ukiongeza `-p`, unaweza kuteua hata mistari michache ndani ya faili moja na kuiacha mingine ingoje zamu yake. Fundi mwashi hapandishi ukuta mzima ndipo autazame kwa timazi. Hujenga kozi moja, akapima, akaendelea. Komiti nzuri nayo hubeba jambo moja, lililokwisha kupimwa.

Kisha yaja maelezo. Desturi ni mstari wa kwanza mfupi, herufi zipatazo 50, halafu mstari mtupu, halafu sababu. Tuseme umerekebisha fomu ya usajili. Ukiandika “nimerekebisha fomu” hujamwambia mtu kitu. Andika: “Kubali namba za simu zinazoanza na +255.” Chini yake eleza kwamba fomu ilitarajia tarakimu 10 zinazoanza na sifuri, hivyo ikawakataa watu walioandika namba zao kwa mtindo wa kimataifa, na kwamba zote sasa zinahifadhiwa kwa mtindo mmoja ili mtu asisajiliwe mara mbili. Mwakani mwenzako akiikuta mistari hiyo na kuiona haina kazi, atasoma kabla ya kuifuta. Mwenzako huyo mara nyingi ni wewe mwenyewe, ukiwa umeshasahau kila kitu.

Thamani ya subira hii huonekana siku programu inapoharibika na hakuna ajuaye iliharibika lini. Ipo amri iitwayo `git bisect`. Unaionyesha komiti moja ya zamani iliyokuwa nzima na moja ya sasa yenye hitilafu. Nayo inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu nzima au mbovu, inagawa tena. Komiti 1,000 humalizwa kwa majaribio yapatayo 10. Lakini ikiwa komiti iliyopatikana imebeba mabadiliko ya wiki nzima, yaliyorundikwa pamoja bila maelezo, utafutaji ndiyo kwanza unaanza.

Kila komiti hupewa utambulisho, kwa kawaida wa herufi na tarakimu 40, unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, maelezo yake, na utambulisho wa komiti iliyoitangulia. Badilisha herufi moja tu ya zamani, na vitambulisho vyote vinavyofuata vitabadilika. Ndiyo maana naheshimu desturi ya kupanga upya komiti zako zingali kwako tu, na kutozigusa tena wenzako wakishazichukua.

Kwa anayeanza leo, ningemshauri ajifunze kwa kusoma kama anavyojifunza kwa kuandika. Hifadhi ya Git yenyewe iko wazi. Ainakili, arudi nyuma hadi komiti ya kwanza kabisa, ya tarehe 7 Aprili 2005, aone jinsi ilivyokuwa ndogo. Kisha apande nayo polepole, akisoma maelezo ya mafundi waliofuata, na pale maelezo yanapomshawishi, afungue mabadiliko yenyewe kwa `git show`.