Muulize Joka Anakula Nini

Kuna sifa zinazonikera: eti kitabu kinene, kina ramani nzuri, ulimwengu umejengwa. Juzi nililetewa kwa sifa hizo juzuu la kwanza la mfululizo wa njozi za kihistoria. Jeshi la wapanda farasi linavuka jangwa sura tatu nzima, na hakuna farasi hata mmoja anayenyweshwa. Mwandishi wa namna hiyo ajifunze kwanza kuchota maji.

Unabii, dibaji ya damu, nasaba za wafalme: hayo kila mwanagenzi anayaweza, na msomaji mgeni huishia kuyashangilia hayo. Kipimo halisi cha juzuu la kwanza ni gharama. Ile ajabu iliyobuniwa inamgharimu nani, kila siku, kazini na nyumbani?

Msome Naomi Novik. Mfululizo wake wa vitabu tisa kuhusu joka Temeraire, ulioanza mwaka 2006, umewekwa katika vita vya Napoleon. Manowari ya Kiingereza inateka meli ya Kifaransa, na ndani yake linakutwa yai la joka lililokaribia kuanguliwa huku nchi kavu bado iko mbali. Wengi hupitia hapa mbio wakingoja mapigano. Wewe tulia, watazame maofisa. Wanapiga kura nani atamvisha joka lijamu, na hakuna anayeitamani bahati hiyo, kwa kuwa atakayekubaliwa na joka ameagana na jeshi la maji na maisha ya kawaida ya waungwana. Kura inamwangukia kijana Carver. Joka anatoka kwenye yai, anampita Carver, anamwendea nahodha Laurence na kumuuliza mbona amekunja uso. Papo hapo Laurence amepoteza meli, na ndoa aliyoitarajia imeingia shakani. Katika tukio hilo hakuna upanga uliochomolewa, lakini tumeshajua bei ya joka.

Baadaye tunakuta majoka wa aina ya Longwing, wanaokubali manahodha wanawake tu. Basi kikosi cha anga kinalazimika kuwa na wanawake wenye vyeo, na raia hawaambiwi. Ubunifu mmoja umepindua desturi ya kikosi kizima. Huo ndio ustadi.

George R. R. Martin naye, katika juzuu lake la 1996, alichukua ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi huko Uingereza, akaukuza kuwa ukuta wa barafu, kisha akauliza nani atakubali kulinda huko. Jibu lake: wengi ni wahalifu waliochagua kiapo badala ya adhabu, wasioruhusiwa mke wala shamba.

Sheria nyingine ni fupi. Unabii ukitangulia mlo wa kwanza, kitabu ni kibovu. Juzuu la kwanza lisilomaliza jambo lake lolote ni ulaghai, hata likiuzwa vipi. Zamani, tuliponunua vitabu vilivyotumika vikiwa vimetandazwa kando ya barabara za Nairobi, juzuu la pili lilikuwa majaliwa. La kwanza lilipaswa kumshibisha msomaji peke yake. Wasomaji wa siku zile hawakudanganyika kirahisi.

Kwa hiyo ukiwa dukani, ruka ramani. Fungua sura ya tatu, mtafute mnyama au mchawi, uone nani anamlisha na kwa fedha ya nani. Usipompata mlishaji, rudisha kitabu rafuni.