Sahani Nyeupe ya Fundi

Siku moja ya soko, huko Logiri, nilikuta tuku-tuku, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, imekwama kwenye mteremko unaoshukia kijito. Ilijaa magunia ya muhogo mkavu, na mbele yake mvua ya usiku ilikuwa imekata njia. Dereva alitakiwa kurudi nyuma hatua kumi tu. Alivuta mkono wa rivasi. Gia ikalia, ikaingia, ikachomoka. Akavuta tena, ikachomoka tena. Mwishowe magunia yalishushwa moja moja, watu wakaingia matopeni wakaisukuma. Mmoja wao alitamka kwamba gia boksi imekufa, inunuliwe nyingine, na wote wakaitikia. Hapakuwa na aliyeuliza imeanza lini, wala aliyeinama kuangalia chini.

Njia nzima ya kurudi nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe, pembezoni mwa mji wa Arua, Uganda.

Mzee huyo alijifunza ufundi ukimbizini. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wa kwetu West Nile walivuka mpaka kwa maelfu wakaingia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Upande wa Ariwara, Zaire, ndiko alikoshika spana ya kwanza, akilala chini ya malori yasiyo na spea. Mahali ambapo hakuna cha kununua, fundi hana budi kujua hasa kilichoharibika ni kipi, maana atakifufua kwa mikono yake mwenyewe. Alirudi nyumbani na Kilingala, Kiswahili, na adabu moja: usifungue kitu ambacho hujakiuliza.

Tuku-tuku zilipoanza kujaa kwetu, rivasi ndiyo iliyomletea wateja. Sababu yake si ngumu kuiona. Pikipiki ya kawaida haina gia hiyo. Mwendeshaji huirudisha kwa miguu yake miwili. Boda-boda ilizaliwa mpakani Busia ikiwa baiskeli, ikawa pikipiki, na vijana wetu wengi wamekulia barabarani bila kuhitaji gia ya kurudi nyuma. Kijana kama huyo akipanda chombo cha matairi matatu chenye shehena mgongoni, miguu haimsaidii tena. Anauvuta mkono wa rivasi chombo kikiwa bado kinaserereka mbele. Gia za mbele husamehe pupa kidogo, rivasi haisamehe. Inataka chombo kisimame kabisa na klachi ikandamizwe hadi mwisho, ndipo iguswe. Hata zile pikipiki za matairi manne wanazopanda watalii kule Jinja, kando ya Nile, zina tabia hiyo. Baadhi yake hazikubali rivasi mpaka breki ishikwe. "Rivasi haifi," mzee alizoea kusema, "rivasi huuawa."

"Mzee, gia boksi imekufa," dereva angesema.

"Nani amekuambia, mwanangu?"

"Muuza spea."

"Ameiona?"

Kisha yangefuata maswali yake. Gia inakataa kuingia, au inaingia halafu inachomoka? Inasumbua asubuhi, au baada ya kupanda mlima? Ulivuka maji wapi? Kwake, kukataa na kuchomoka yalikuwa magonjwa mawili. Inayokataa mara nyingi ina shida ya waya: umerefuka, au tope limekaukia ndani ya ala yake, kwa hiyo mkono unafika mwisho na gia haijafika. Inayochomoka huwa imelika kona za meno, au springi na goroli inayoishikilia mahali pake vimechoka.

Hakukimbilia spana kubwa. Aliufungua waya upande wa gia boksi, akasukuma kile kimkono kidogo kwa kidole gumba, huku kijana akizungusha gurudumu polepole, maana meno yakikutana ncha kwa ncha hayaingiani mpaka moja lisogee. Gia ikiingia kwa ulaini, alicheka peke yake. Gia boksi ilikuwa imesingiziwa. Angeusafisha waya, akaupaka grisi, akakaza nati yake kwa robo mzunguko, na dereva akaondoka amelipa pesa kidogo kuliko alizokuja nazo.

Lakini kilichonifanya nikae pale saa nyingi ni sahani. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, imebanduka rangi ukingoni, na haikutiwa chakula kamwe. Waya ukionekana hauna kosa, mzee aliiweka chini ya gia boksi, akafungua boliti ya chini, akaiacha oili ishuke taratibu kama uji. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Aliiinua sahani kwa mikono miwili, akatoka kivulini, akaiinamisha kuelekea jua mpaka oili ikawa utando mwembamba, akaanza kusoma.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ilimwambia kwamba maji yameingia, na dereva angeungama kijito alichokivuka. Vumbi laini la kijivu halikumtisha. Huo ni uzee wa kawaida wa chuma. Vipande vinavyokatika kama kucha vilimfanya anyamaze. Hapo alichukua sumaku aliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha ndani ya sahani. Kilichoipanda kilikuwa chuma, yaani jino la gia. Chenga za njano zilizobaki zimelala hazikuijali sumaku. Hizo zilitoka kwenye shaba, na ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Kabla hajalegeza nati ya pili, alikwisha kujua atakachokikuta ndani.

Bibi yangu alifanya hivyohivyo kwa ufuta. Aliupepeta, akauinamisha ungo kuelekea mwanga, na kwa kidole kimoja akatenga mchanga na mbegu. Nikiwa mtoto niliamini macho yake yana kitu ambacho yangu hayana. Chini ya mwembe ule nilielewa kwamba walichokuwa nacho wote wawili ni heshima. Waliamini kwamba kitu kidogo kinaweza kuwa na neno la kusema, wakakipa nafasi kikaseme mwangani.

Leo barabara ya lami inatoka Vurra, inapita Arua na Koboko hadi Oraba, na spea zinafika nayo kwa urahisi. Sioni ubaya wa spea. Kinachoniuma ni kwamba wingi wake umetuondolea haya ya kutojua. Gia boksi nzima inang'olewa kwa kosa la waya. Gia inayochomoka inafungwa mkono wake kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu, na dereva anaambiwa ahesabu siku. Baada ya miezi michache gia boksi mpya nayo inaanza kulia, kwa kuwa mkono ulioiua ya kwanza haujafundishwa kusubiri chombo kisimame.

Mara ya mwisho nilipopita pale, mzee hakuwepo tena. Mwembe upo, na chini yake vijana wawili walikuwa wakifanya kazi kwa nguvu na kwa kasi. Walifungua boliti ya gia boksi moja. Oili ilishuka moja kwa moja mchangani, ikametameta kitambo juani, na vipande vyembamba vya chuma vikang'aa ndani yake. Kijana alivuta mchanga kwa mguu akaifukia, habari zake zote zikiwa bado ndani.