Siku Kumi na Nne Kabla ya Kisu

Ndugu wakisikia jamaa yao ana uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo, huuliza kwanza: atapasuliwa wapi, na nani? Wana haki ya kuuliza. Lakini kwa uvimbe mmoja wa nadra, uitwao feokromositoma, swali linalookoa maisha ni jingine: ameandaliwa kwa siku ngapi? Uvimbe huu hudhibitiwa kwanza kwa vidonge na kipimo cha presha, kisu hufuata. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika kwenye zahanati za Kibaha na Kisarawe, mbali na taa za chumba cha upasuaji.

Kila figo imevikwa kofia ndogo, tezi ya adrenali, yenye uzito wa gramu 4 au 5. Ganda lake hutengeneza kotisoli na homoni inayotunza chumvi mwilini. Kiini chake hutengeneza adrenalini na noradrenalini, homoni zinazomfanya mtu aruke akikutana na nyoka shambani. Feokromositoma huota kwenye kiini hicho, na humwaga homoni hizo pasipo nyoka wala mwizi.

Tuchukue mfano wa mama mkulima wa Maneromango, Kisarawe. Ameketi anamenya mihogo. Ghafla kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, jasho linamchuruzika. Presha ingepimwa dakika ile, pengine ingesoma 220 kwa 130. Baada ya robo saa kila kitu kimetulia. Anapanda bodaboda hadi zahanati, kipimo kinasoma 130 kwa 80. Anaambiwa ni mawazo. Jirani anasema ni jini. Shangazi anasema ni umri wa kukoma hedhi. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi: ugonjwa huu hugundulika kwa watu 2 hadi 8 tu katika kila milioni kwa mwaka. Hata Dwight Eisenhower, rais wa Marekani aliyezungukwa na madaktari na kusumbuliwa na presha kwa miaka, alikutwa na uvimbe wa aina hii, wa sentimita 1.5, pale tu mwili wake ulipochunguzwa baada ya kufa mwaka 1969.

Kinachotoboa siri ni mkojo. Homoni hizi zikivunjwa mwilini huacha mabaki yaitwayo metanefrini, na mabaki hayo hupimwa kwenye damu au kwenye mkojo wa saa 24. Mgonjwa akiamka anamwaga mkojo wa kwanza na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu la maabara, hadi mkojo wa kwanza wa kesho yake saa ileile. Akisahau mara moja, hesabu imeharibika, aanze upya. Majibu yakiwa juu ndipo picha ya CT-scan hutafuta uvimbe ulipo. Utaratibu huu usigeuzwe. Kuchoma sindano ya kutoa kipande cha uvimbe kabla ya kupima metanefrini kunaweza kuuchokoza umwage shehena yake yote kwa mkupuo mmoja.

Sasa tufike kwenye maandalizi, ambayo ndiyo moyo wa uchambuzi huu. Mwaka 1926 madaktari wawili, César Roux huko Lausanne, Uswisi, na Charles Mayo huko Rochester, Marekani, walitoa uvimbe huu kila mmoja kwa wakati wake, na wagonjwa wao wakapona. Wote wawili hawakujua walichokuwa wanakitoa. Walibahatika. Katika miongo iliyofuata wengi hawakuwa na bahati hiyo: presha ilipasua mishipa ya ubongo uvimbe ulipoguswa, au ilianguka hadi chini kabisa ulipotolewa. Leo, mgonjwa akiandaliwa vizuri, wanaokufa ni chini ya 3 katika kila 100.

Dawa ya kwanza, kama doksazosini au prazosini, huzuia alfa, yaani milango ambayo homoni hizi hutumia kubana mishipa, na hutolewa kwa siku 7 hadi 14. Kwa miezi au miaka mishipa ya mgonjwa imekuwa imebanwa na homoni, kama mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa. Kwa kuwa mishipa imebana, mwili umezoea kubeba damu na maji pungufu. Dawa inailegeza. Mishipa ikishalegea, mgonjwa anaagizwa anywe maji mengi na ale chumvi zaidi. Ushauri huu unawashangaza wengi, kwa sababu mwenye presha siku zote huambiwa aache chumvi. Lakini lengo hapa ni kuijaza mishipa iliyopanuka, ili siku ya kisu isiwe mitupu.

Hapa kuna mtego unaoweza kuua. Mgonjwa mwenye moyo wa kwenda mbio ni rahisi kupewa propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Kwa feokromositoma dawa hiyo haitangulii kamwe. Inazima milango inayosaidia kupanua mishipa na kuiacha alfa ikibana bila mpinzani, presha ikapaa. Dawa ya moyo hufuata siku kadhaa baada ya ile ya alfa, na daktari ndiye anayeamua. Vilevile sindano ya metoklopramidi, inayotolewa kila siku kwa watu wanaotapika, inaweza kuzusha shambulio. Mgonjwa atembee na karatasi yenye majina ya dawa hizo mfukoni.

Mizani ya maandalizi ni kipimo cha presha. Mgonjwa anapimwa akiwa ameketi, kisha anasimama dakika chache, anapimwa tena. Akiketi inatakiwa iwe chini ya 130 kwa 80. Akisimama namba ya juu inatakiwa ishuke, lakini isipungue 90. Kizunguzungu kidogo akisimama na pua kuziba ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Vipimo hivyo viwili, asubuhi na jioni, vinaweza kuchukuliwa na muuguzi yeyote wa zahanati na kuandikwa kwenye daftari la shule. Daftari hilo ndilo daktari wa usingizi atalisoma kabla ya kukubali kumlaza mgonjwa mezani.

Siku ya upasuaji, mrija mwembamba huwekwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono ili presha isomwe kila sekunde. Uvimbe mdogo hutolewa kwa matundu madogo, njia ambayo Michel Gagner na wenzake wa Montreal waliitangaza mwaka 1992. Mkubwa hutolewa kwa kupasua tumbo. Miongoni mwa dawa za kutuliza presha mezani ipo magnesiamu salfeti, ambayo kila wodi ya wazazi inaijua kwa kifafa cha mimba. Matumizi yake kwa uvimbe huu yalipigiwa chapuo miaka ya 1980 na Michael James, aliyekuja kuongoza idara ya usingizi Chuo Kikuu cha Cape Town. Kisha inafika dakika ya kufunga vena ya tezi. Upande wa kulia vena hiyo ni fupi mno, na inamwaga moja kwa moja kwenye vena kuu. Ikifungwa, homoni zinakatika na presha inaporomoka. Hapo ndipo chumvi na maji ya wiki mbili yanapolipa deni lake.

Kwa siku moja au mbili za mwanzo presha na sukari hupimwa mara kwa mara, kwani kongosho lililokuwa limebanwa na homoni linaachiwa ghafla na sukari inaweza kushuka. Kisha nyumbani. Kwa wiki 4 hadi 6 hakuna ndoo ya lita 20, hakuna jembe, hakuna mtoto mgongoni. Uchovu ni mkubwa: mwili ulikuwa umezoea kuchapwa na adrenalini. Moyo ukidunda kidogo, hofu inarudi. Familia isimwite mvivu wala mwoga.

Tezi moja iliyobaki inatosha. Lakini aliyetolewa zote mbili atameza haidrokotisoni maisha yake yote. Akipata homa ya malaria anaongeza dozi maradufu, na akitapika anawahishwa hospitali kwa sindano, asisubiri kupambazuke. Na kwa kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 3 amerithi ugonjwa huu, ndugu na watoto wake nao wapimwe. Yeye mwenyewe apimwe metanefrini wiki chache baada ya upasuaji, kisha kila mwaka.

Wauguzi wa zahanati za Kisarawe, wa Mlandizi, wa Tumbi: mgonjwa akikuambia kichwa, jasho na moyo vinamjia pamoja na kuondoka pamoja, usimrudishe kwa sababu presha ya leo ni nzuri. Mwambie arudi shambulio likianza, saa yoyote. Mpime akiwa ameketi, mpime akiwa amesimama, andika saa, kisha mwandikie rufaa.