Barua imefungwa, ufunguo uko wazi

Wandugu, Thunderbird ni programu ya imeli ya bure, na tangu toleo la 78, mwaka 2020, inafunga barua kwa OpenPGP yenyewe. Mbele ya hapo ilibidi kuongeza Enigmail pembeni. Kwa hilo nawapongeza.

Lakini tusome vizuri marekebisho ya Mei 2021, toleo 78.10.2. Watengenezaji walisema wenyewe: ufunguo wa siri ulioingizwa kwa matoleo 78.8.1 hadi 78.10.1 ulikuwa unalala kwenye diski bila kinga. Barua inasafiri imefungwa, kumbe ufunguo uko wazi nyumbani! Na huku kwetu Kindu ordinateri moja inaweza kupita mikononi mwa watu watano. Sisi wa agronomia tunatuma majina ya wakulima na mipaka ya mashamba yao. Anayefungua mashine hiyo anasoma vyote.

Dawa yao ilikuwa nzuri, nakubali: toleo jipya lilikinga hata funguo zilizoingizwa wakati ule mbaya, bila kukuuliza kitu. Ila kinga yenyewe inategemea neno kuu la siri, lile Kifaransa kinaita «mot de passe principal», na programu haikulazimishi kuliweka. Usipoliweka, dawa haikufiki. Hapo njo nawalaumu. Tena maelezo ni mistari michache ya Kiingereza, na toleo zima linakula mega tunazonunua kidogo kidogo. Nani hatabofya «baadaye»?

Kuweka neno la siri, lakini, hakuli hata mega moja.