Fundi wa Mfongo

Upande wa kusini wa Kilimanjaro, mito inayotoka msituni hupita chini kabisa, ndani ya makorongo, na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, viko juu, kwenye migongo ya vilima. Ili maji yafike huko bila pampu, lazima yachukuliwe mbali, mahali mto ulipo juu kuliko shamba, kisha yaongozwe ubavuni mwa kilima. Mfereji huo Wachagga huuita mfongo. Wazungu waliofika karne ya 19 waliikuta mifongo ikitiririka.

Kazi huanza kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Fundi hauzuii mto wote. Hupanga mawe mshazari, akaziba mianya kwa matawi, majani ya mgomba na udongo wa mfinyanzi, ili sehemu ya maji iingie mfongoni na iliyobaki iwafikie wa chini. Mafuriko yakija, banio hubomoka. Ni afadhali hivyo, kwani likishikilia, maji yale yote yataelekea mfongoni na kuupasua.

Ninachokistahi kuliko vyote ni upimaji wa mteremko. Maji yakienda kasi hula udongo. Yakienda taratibu mno huacha mchanga na tope, mfereji ukajaa. Fundi anautafuta mwendo ulio kati ya hayo mawili, na kipimo chake ni maji yenyewe. Anachimba kipande kifupi kwa sururu na jembe, anayaruhusu kidogo yamfuate, anatulia kuyatazama. Yakisita, anashusha sakafu kwa unene wa kidole. Yakikimbia na kugeuka mekundu, anarudi nyuma kupunguza mwinamo. Kisha kipande kingine. Udongo anaoutoa anauweka upande wa bondeni, anaukanyaga uwe ukingo, anapandikiza mabonge ya nyasi yaushike kwa mizizi. Akikuta mwamba, anauzunguka. Akikuta genge, analaza gogo lililochimbwa katikati, maji yavuke.

Kihambani maji huja kwa zamu. Mwenye zamu hutoboa ukingo kwa jembe, akayapeleka kwenye migomba, kahawa na magimbi, kisha huziba kwa tope na majani. Ya usiku hukusanywa bwawani, yatumike mchana.

Tope lililobaki mfongoni huondolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Asiyetokea bila udhuru hutozwa faini, au hukosa zamu yake.