Waraka wa Nairobi wa 1968 na Swali la Isimu: Uhakiki wa Kipengele Kilichosahauliwa

Ni nadra mjadala wa ufundishaji wa fasihi katika Afrika Mashariki kuendelea bila kuutaja waraka wa tarehe 24 Oktoba 1968. Waandishi wake walikuwa Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Nairobi ilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe Idara ya Fasihi na Lugha za Kiafrika. Wahakiki wamelijadili sana neno la kwanza katika jina hilo, yaani fasihi. Neno la pili, lugha, limeachwa nyuma. Makala haya yanadai kwamba waraka ulifaulu kukihamisha kitovu cha somo la fasihi, lakini haukuuliza isimu ifundishwe kwa ushahidi wa lugha gani. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza na isimu leo angali anakaa katika pengo hilo.

Waraka ulikuwa jibu. Kaimu mkuu wa idara alikuwa amewasilisha mapendekezo yaliyogusia nafasi ya Kifaransa, nafasi ya lugha za Kiafrika, hasa Kiswahili, na kuibuka kwa idara ya isimu na lugha. Waandishi watatu walijibu kwamba lugha na isimu zisitengwe na fasihi. Hoja yao ilikuwa na pande mbili: katika fasihi kanuni za lugha huonekana zikifanya kazi, na anayeijua isimu huvuna zaidi anaposoma fasihi. Hoja hii ni nzito kuliko inavyokumbukwa. Hata hivyo, uzito wake haukuendelezwa. Waraka unapozungumzia fasihi, unaeleza nini kisomwe, kwa mpangilio gani na kwa sababu gani, na fasihi simulizi inapewa hadhi ya msingi. Unapozungumzia lugha, unaishia zaidi kutaja lugha zinazostahili kusomwa, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa zikiwa miongoni mwazo. Lugha inachukuliwa kuwa ufunguo wa kufungulia matini. Yenyewe, kama kitu cha kuchunguzwa kinadharia, haikupewa kitovu kipya.

Matokeo ya kitaasisi yaliipanua nyufa hiyo. Nairobi ilipata Idara ya Fasihi, na lugha na isimu zikapata makao mengine. Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1970 ilifundisha kwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiwekwa pamoja na lugha za kigeni na isimu. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi alianza kumsoma Okot p'Bitek na Chinua Achebe bila kulazimika kupitia kwanza kwa Shakespeare. Mwanafunzi wa isimu hakupata mageuzi ya aina hiyo. Vitabu vikuu vya utangulizi wa sintaksia bado humjengea dhana za kiima, yambwa na kauli ya kutendwa kwa sentensi za Kiingereza, na lugha za Kibantu huja baadaye kama nyongeza.

Hasara ya mpangilio huo ni ya kitaaluma kabla ya kuwa ya kisiasa. Chukua dhana ya kiima. Mwanafunzi hufundishwa kuwa kiima ndicho kinachotawala upatanisho wa kitenzi. Kiingereza kinapoanza sentensi kwa kirai cha mahali, kitenzi huendelea kupatana na nomino inayofuata. Katika sentensi ya Kiswahili "Mjini kumeingia wageni", kitenzi kimechukua ku- ya mahali, na wageni, ambao ndio walioingia, hawana kauli yoyote juu yake. Mwanafunzi anapaswa kuamua: je, "mjini" ni kiima, au "wageni" ni kiima kisicho na upatanisho? Joan Bresnan na Jonni Kanerva waliliuliza swali kama hilo kuhusu Kichewa mwaka 1989, wakaonyesha kwamba kirai cha mahali kina sifa za kiima. Mwaka 1994 Bresnan alikirejea Kiingereza akakilinganisha na Kichewa. Muundo wa Kiingereza uliangaliwa upya kwa sababu ya lugha ya Kibantu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika "Mama alimpikia mtoto wali" kuna yambwa mbili. "Mtoto alipikiwa wali" ni sahihi, lakini wazungumzaji wengi hawaikubali "Wali ulipikiwa mtoto". Tena, kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha yambwa kimoja tu. Kichaga cha Kivunjo ni tofauti: yambwa yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, na kitenzi kinaweza kubeba viambishi vya yambwa zote mbili. Mwaka 1990 Bresnan na Lioba Moshi, mwanaisimu kutoka Tanzania, walitumia tofauti hiyo kuzigawa lugha za Kibantu katika makundi mawili, zenye yambwa linganifu na zisizo linganifu, na mjadala wa yambwa mbili katika nadharia ya sintaksia ukapanuka. Mwanafunzi kutoka Kilimanjaro aliyekaririshwa muundo huu kwa Kiingereza peke yake anaweza kuhitimu bila kujua kwamba lugha ya bibi yake imo ndani ya nadharia anayofanyia mtihani.

Inaweza kupingwa kwamba mwanafunzi huyu anasoma Kiingereza ili akimudu na kukifundisha, na kwamba muda wa kozi hautoshi. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linapuuza darasa analokwenda kulikuta. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza hukutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mwalimu aliyefunzwa ulinganishi ataona kwamba anayechanganya viwakilishi vya kike na vya kiume anatoka katika lugha yenye "yeye" mmoja, na kwamba anayeacha vibainishi anatoka katika lugha isiyovihitaji. Asiyefunzwa ataona uzembe. Gharama ya elimu hiyo finyu hulipwa na mwanafunzi wa sekondari.

Idara za Kiswahili nazo hazina sababu ya kujisifu mno. Zimeunda istilahi, na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 ni ushahidi wa kazi hiyo. Lakini istilahi ya Kiswahili inaweza kuhifadhi mgawanyo wa Kiingereza. Baadhi ya sarufi huita -a unganifu kihusishi. Kihusishi cha Kiingereza hakibadiliki, ilhali katika "kitabu cha mtoto" na "vitabu vya mtoto" neno hilo hufuata ngeli ya nomino inayotangulia. Jina limetafsiriwa, na tabia ya neno lenyewe imefichwa.

Ngũgĩ aliurejea mjadala wa 1968 katika sura ya mwisho ya Decolonising the Mind (1986), akiwa amekwisha kulifanya suala la lugha kuwa kiini cha hoja yake. Hata hapo, lugha inayozungumziwa hasa ni ile ambayo mwandishi anaiandikia. Lugha ambayo mwanaisimu anaitolea ushahidi inabaki kuwa kazi ya vizazi vilivyofuata. Kazi hiyo haihitaji kuvunja idara nyingine. Inahitaji kozi ya sarufi ya Kiingereza ambamo kila dhana inapimwa kwa Kiingereza na kwa angalau lugha moja anayoijua mwanafunzi, na mtihani unaomtaka aeleze ni wapi dhana hiyo inashikilia na ni wapi inalegea. Wanafunzi wenye data hiyo tayari wamo madarasani; kilichobaki ni mitaala kuwauliza.