Mgeni wa Bwawani

Sifa za ufugaji wa samaki huku Moshi huishia kwa aliyevua. Ndiye anayepigwa picha ameinua sato mikono miwili, majirani wakiuliza bei ya kilo. Mimi namsifu mwingine: anayejua kununua, na akishanunua anajua kungoja. Kazi yake haina picha. Ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na ndiyo maana watu huidharau.

Bwawa la nyumbani hapa Shirimatunda halihitaji eneo kubwa. Shimo lililotandikwa turubai nyuma ya nyumba linatosha, au tangi la saruji kando ya banda la ng'ombe. Shida ni vifaranga. Wengine husafirishwa kutoka mbali, kwa kuwa serikali ina vituo vya kuwazalisha kama Kingolwira kule Morogoro. Wengine hununuliwa kwa wazalishaji binafsi. Na hapo, penye tangi la muuzaji, ndipo fundi anapojitenga na mwenye haraka.

Sato na perege huzaa mapema mno. Wakibanana kwenye maji machache, chakula haba, hudumaa, lakini kuzaa hawaachi. Muuzaji asiye na haya huwavua hao wazee wafupi akawahesabu kama vifaranga, na mteja huenda kulisha miezi sita samaki ambao wameshamaliza kukua. Fundi hawaangalii kwa wingi wao. Hulowesha kiganja kwanza, asije akawafuta ute unaowakinga, kisha humlaza samaki mmoja na kumtazama uwiano wake: je, macho ni makubwa kuliko mwili unavyodai? Kichwa kimekua na kuuacha mkia nyuma? Halafu humfungua mdomo taratibu kwa ncha ya kidole. Jike la jamii hii huatamia mayai mdomoni, na fundi akikuta humo mayai ya njano, mazungumzo ya bei yamekwisha. Anayeatamia ni mama, si kifaranga.

Akiridhika na umri, hutazama afya, na hapo haoni aibu kusimama muda mrefu muuzaji akikohoakohoa. Vifaranga wazima hukimbia kivuli cha mkono. Mgonjwa hubaki juu akitwetea penye maji yanapoingilia, mapezi ameyakunja, au hujisugua ubavuni mwa tangi kama anayewashwa. Fundi huomba watupiwe chakula kidogo ili awaone wakila, kisha hukubaliana na muuzaji asiwalishe tena kabla ya safari. Samaki aliyeshiba huuchafua mfuko wake mwenyewe njiani.

Kuhusu mfuko, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Samaki wakipumua humo safari nzima, kaboni dayoksaidi hujaa na maji hugeuka kuwa na asidi zaidi. Asidi hiyo, kwa bahati njema, huipunguza makali amonia inayotoka kwenye mashavu yao. Ukifungua mfuko gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia iliyokuwa imelala huamka kuwa sumu. Kwa hiyo mfuko ungali umefungwa huachwa uelee juu ya maji robo saa hivi mpaka joto lilingane, na ukishafunguliwa hakuna kuzubaa. Samaki huchotwa kwa kyavu. Maji ya safari hayaingii tangini kamwe.

Na tangi lenyewe si bwawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa samaki ukarimu huo ni hasara. Mgeni huyu hukaa karantini, kwenye chombo chake, na kyavu chake na ndoo yake. Nimewaona watu wakifunga kizimba cha wavu ndani ya bwawa lilelile na kusema wamewatenga. Wavu huzuia samaki, hauzuii maji, na ugonjwa husafiri kwa maji. Wenyeji hulishwa kwanza, wageni mwisho, ili mikono isirudi nyuma. Maji ya bomba yenye klorini hulazwa kwenye ndoo wazi kabla ya kutiwa, na sehemu ya maji ya tangi hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu tangi jipya halina bado bakteria wa kuila amonia.

Kwa siku ngapi? Hapa kalenda haisaidii. Chukua ule ugonjwa wa madoa meupe yanayofanana na chembe za chumvi. Kimelea chake hujificha chini ya ngozi kinakula, hudondoka, hujishikiza sakafuni, hugawanyika kuwa mamia, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwapata wakiwa wanaogelea tu. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko huo huchukua siku chache. Maji yakiwa baridi huweza kuchukua wiki kadhaa. Mwezi wa saba, mlima umejifunika na watu wamevaa masweta, wiki tatu zilizotosha mwezi wa pili huenda zisitoshe. Fundi hutumbukiza kipimajoto kwanza, kisha ndipo huhesabu.

Wanaofuga samaki wa baharini kwenye vioo wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Pwani ya Kenya wapiga mbizi huwanasa samaki wa mapambo wa matumbawe kwa nyavu ndogo, na ndege huwapeleka hadi Ulaya na Marekani. Mnunuzi wa huko naye humtenga mgeni kwa wiki kadhaa, tena ana sababu ya ziada: shaba, dawa yake kubwa dhidi ya madoa meupe ya baharini, huua matumbawe na konokono, kwa hiyo haiwezi kutiwa kwenye tangi kuu. Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wapo waliowalevya samaki kwa sianidi ili kuwakamata. Samaki wa namna hiyo anaweza kung'aa dukani, hata akala, kisha akafa baada ya siku kadhaa. Jicho peke yake halikutosha.

Halitoshi huku pia. Virusi vya sato vinavyoitwa TiLV vilielezwa kwa mara ya kwanza Israeli mwaka 2014, na mwaka 2018 watafiti walitangaza kuvikuta kwa samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Samaki anaweza kuwa navyo bila dalili yoyote. Karantini haiviondoi, humpa tu mfugaji nafasi ya kuona vifo tangini kabla virusi havijaingia bwawani, na kumwita afisa uvuvi mapema.

Yabaki maji machafu ya karantini. Fundi huyamwaga kwenye migomba, wala hayaachi yatiririke mfongoni, yaani kwenye mfereji wa umwagiliaji. Mifongo na mito ya mteremko huu huingia bonde la Pangani, lenye perege wake wa asili, akiwemo yule wa Ziwa Jipe. Sato akitoroka huzaliana nao, na wenyeji huchanganyika damu. Kwa hiyo penye bomba la kutolea maji hufungwa wavu wa matundu madogo, na asubuhi, kabla ya chai, husafishwa majani.